Mshono wa Mshumaa

Jiwe la kwanza liligonga mlango wa chuma wakati Bolingo anamimina chai, na chai yote ikaingia kwenye sahani. Aliitazama sahani, akaitazama birika, kisha akanywa kutoka kwenye sahani kama mtu aliyekusudia hivyo tangu mwanzo.

"Endelea," Inspekta Kapenda alimwambia. "Uliniambia katoni ilifika na treni."

Bolingo aliendelea, lakini sauti yake ilikuwa imepanda juu kidogo. Duka lake la dawa lilikuwa hatua chache kutoka stesheni ya Kamina, na katoni ya nyavu za hospitali ilikuwa imetoka Lubumbashi, ikafunguliwa mbele ya mkewe na mbele ya fundi aliyekuwa anatengeneza feni. Feni haikupona, lakini fundi yupo, anaweza kuulizwa.

Ngoy, brigedia wa ngazi ya chini na msaidizi wa Kapenda, alikuwa amekaa sakafuni na mgongo wake mlangoni. Komeo lilikuwa bovu, na kati ya vitu vyote vilivyokuwemo dukani yeye ndiye aliyekuwa mzito kuliko vingine. Jiwe la pili lilipogonga alisogea kidogo, akauliza kama kuna chai nyingine.

Nje walikuwa ndugu za marehemu Jean Mwepu, mstaafu wa reli wa Luena. Jean alikuwa na ngiri ya tumbo, ile kubwa, ambayo ukuta wa tumbo umechanika ndani na matumbo yanatoka na kulala chini ya ngozi kama mzigo. Dokta Amédée Nkulu, anayekuja Kamina mara moja kwa mwezi kuwapasua watu wa namna hiyo, aliyarudisha matumbo mahali pake, akatandaza wavu nyuma ya misuli ili pasichanike tena, akashona. Baadaye kidonda kilioza na Jean akafa. Mwanamke aliyefuata mezani, Kapinga wa Kaniama, bado alikuwa amelala hospitalini na homa, tumbo linatoa usaha. Nyavu zote mbili zilitoka kwa Bolingo. Ndugu wa Jean walikuwa wamekwisha kukata kesi: Bolingo anauza nyavu bandia.

Na wavu mwingine, wa katoni ileile, ulikuwa hospitalini asubuhi hiyo pamoja na mwenyewe. Mwenyewe aliitwa Glodie, mama wa watoto wawili waliozaliwa kwa kisu, na zamu yake ilikuwa leo.

Kabla ya kuja dukani Kapenda alimwomba Dokta Nkulu aahirishe. Dokta alimjibu kwa adabu kwamba ameukagua wavu wa Bolingo kwa mkono wake na ni halisi, kwamba Glodie ameshasubiri tangu safari iliyopita aliporudishwa kwa ajili ya kikohozi, na kwamba yeye mwenyewe anaondoka kesho. Kapenda akileta kitu kingine zaidi ya maneno ya sokoni, atasikilizwa.

Kwa hiyo Kapenda alikuwa anatafuta kitu kingine. Alifungua mkoba wake. Ulikuwa mkoba mkubwa, na yeye mwembamba, hata watu wa Kamina walisema mkoba ndio inspekta, huyu mama anaubeba tu. Akatoa pakiti tupu ya plastiki na kuilaza juu ya kaunta.

Ilikuwa pakiti ya wavu wa Kapinga. Hospitalini pale, wakimaliza kupasua, huirudisha pakiti tupu kwa ndugu wa mgonjwa, ili wajue kitu walichonunua kimeingia kweli katika mwili wa mtu wao na hakikuishia mfukoni mwa mtu. Mume wa Kapinga aliileta polisi pamoja na mashtaka yake.

"Nipe mpya," Kapenda alisema. "Kubwa kuliko zote."

Bolingo alitoa moja. Kapenda alizilaza pamoja chini ya taa, akapitisha ukucha. Pakiti mpya ilikuwa imefungwa kiwandani kwa mshono mpana wenye meno madogo kama ya kitana, kichwani na mkiani. Pakiti ya Kapinga ilikuwa imekatwa kwa mkasi upande mmoja, kama wanavyokata chumba cha upasuaji. Upande wa pili, ule ambao hakuna aliyekuwa na haja ya kuutazama, meno hayakuwepo. Palikuwa na ukingo mwembamba, mgumu, wa rangi ya kahawia, wenye vifundo vidogo na masizi.

Ngoy alinyoosha shingo kutoka sakafuni. Kisha akanyoosha mkono, akachukua kutoka kaunta kifuko kimoja cha karanga ambazo mke wa Bolingo alikuwa anauza pamoja na dawa za minyoo. Ukingo uleule. Vifundo vilevile. Plastiki iliyokunjwa na kupitishwa juu ya mshumaa.

"Patron," Ngoy alimwambia Bolingo kwa upole mwingi, "nyosha mikono."

Bolingo hakunyoosha. Alikaa juu ya kigoda chake na jasho likaanza kumtoka puani. "Inspekta, miye nauzishaka filet, hii wavu, siifunguaka. Nikiifungua, nani atainunua? Na kalanga za namna hii, kila mama wa Kamina njo anafunga vile. Utatufunga shiye wote?"

"Gereza halitatosha," Kapenda alisema. Alikuwa ameingiza pua yake ndani ya pakiti ya Kapinga. Akaichana taratibu, akaifungua kama kitabu. Kwenye kona palikuwa na unga mweupe uliokauka. Aliuchukua kwa kidole, akaulowesha kwa chai ya sahani, akausugua. Ulitoa povu.

Ngoy alilitazama lile povu, akashusha pingu alizokuwa ameshazitoa.

"Mtu wa kuuza bandia hapotezi sabuni," Kapenda alisema. "Anaweka kitu kibaya, anafunga, anauza. Huyu amefungua, amefua, amerudisha." Akamgeukia Bolingo. "Ni nani mwingine alinunua katika katoni hii?"

Mwingine alikuwa Adjudant Dany wa kambi ya jeshi. Ngoy alimpigia simu. Dany alijibu kwa kelele nyingi, akasema tumbo lake liko sawa na ubao, na kama polisi wanataka kuligonga waje. Kapenda alichukua simu, akamuuliza jambo moja tu: wavu alikaa nao kwa muda gani. Hakukaa nao, Dany alisema. Gari la kambi lilimpitisha kwa Bolingo, likampeleka hospitalini, na siku hiyohiyo akalazwa mezani na pakiti bado iko mkononi mwake.

Kapenda alirudisha simu polepole. Jean alitoka Luena, Kapinga alitoka Kaniama. Watu wa mbali hawana gari la kambi. Wanafika mapema kabla ya dokta, wananunua vitu vyao, kisha wanamngoja kwenye banda la garde-malade nyuma ya hospitali, pale ndugu wanapowapikia wagonjwa wao. Wavu unalala nao ndani ya kikapu, pamoja na unga na samaki wa Kinkondja.

"Glodie anangojea wapi?" Ngoy aliuliza.

"Palepale. Tangu mwezi uliopita."

Kapenda alipiga simu hospitalini. Iliita mpaka ikachoka. Simu za watu wa chumba cha upasuaji hubaki kwenye makabati yao, zinaitana zenyewe kwa zenyewe. Akaitwaa ile pakiti mpya, akabandika juu yake karatasi ya lakiri ya parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, akasaini, akaitumbukiza mkobani kama kielelezo.

"Wewe ubaki hapa na mlango," alimwambia Ngoy. "Nipe pikipiki."

"Eyo, vidye," Ngoy aliitikia kwa heshima, akarudisha mgongo wake mahali pake. Jiwe la tatu lilipogonga, Kapenda alikuwa ameshatokea dirisha la nyuma, na mkoba umetangulia.

*

Barabara ya hospitali ilikuwa na mashimo ambayo pikipiki ya polisi iliyajua moja moja kwa jina. Kapenda hakupunguza mwendo hata kwa moja. Aliiacha pikipiki imelala ukutani na kuingia kwa nyuma, kwenye moshi.

Banda lilikuwa na mafiga, masufuria, pipa la maji, na wanawake watatu waliokuwa wanasonga bukari, ugali wa huko. Uani, juani, kamba ilikuwa imejaa vitenge, nepi na mashuka. Chini ya banda, kivulini kabisa, ilikuwepo kamba nyingine. Ilikuwa fupi, safi, na haikuwa na kitu.

Kapenda aliitazama kamba hiyo kuliko alivyotazama watu. Kamina yote huanika juani.

"Kaa, mama. Utakula?" mwanamke mmoja alimkaribisha. Alikuwa mnene, mwenye mvi, na juu ya kitenge alivaa fulana iliyopauka yenye picha ya kitanda chini ya chandarua. Fulana hizo waliwahi kupewa wahamasishaji waliopita nyumba kwa nyumba wakati wa ugawaji wa vyandarua. Wengine walimwita Maman Léa. Kando yake palikuwa na beseni la karanga, bunda la vifuko vya plastiki, na kipande cha mshumaa kilichosimama juu ya kifuniko cha chupa.

Kapenda alikaa. Alisema kamba ile ya kivulini ni nzuri, ni ya kuanikia nini.

"Ya moustiquaire," Maman Léa alisema, na kidole kwenye picha ya chandarua kifuani.

Kapenda aliuliza moustiquaire gani. Maman Léa alimtazama kwa huruma kidogo, kama unavyomtazama mtu wa ofisi.

"Ile yenye banawekaka mu tumbo. Docteur anaiita filet, ni sawa, ni jina yake. Lakini shiye tunajua moustiquaire. Miye nilitembeza moustiquaire mu Kamina nzima, mpaka njia ya Kaniama, na miguu. Nilipoona ya Jean, niliishika mu mikono, nikasema, bamama, hii si njo ileile?"

"Na ukaifungua."

"Inspekta, moustiquaire mupya hailaliwaka siku ile ile. Balitufundisha. Utoe mu sashe, utandike mu kivuli siku nzima, sababu dawa yake inaunguza. Kama inaunguza uso, mu matumbo itafanya nini?"

Wanawake wengine wawili walitikisa vichwa. Hakuna aliyeshusha sauti, hakuna aliyeangalia pembeni. Kapenda alikuwa amewahoji wezi wa ng'ombe, wachomaji wa nyumba na mheshimiwa mmoja, na hakuwahi kupewa ungamo kwa urahisi hivi, tena pamoja na sahani ya bukari.

Aliuliza kwa nini alifunga tena kwa mshumaa. Maman Léa alisema mtu wa chumba cha kupasulia angeona pakiti imefunguliwa angefikiri wamekata kipande. Kwa hiyo alifunga vizuri, kwa upande wa mkia, mifuko yote miwili, wa ndani na wa nje, kama karanga.

"Jean alikufa," Kapenda alisema.

"Alikufa." Maman Léa aliacha kumenya. "Sababu ya miye. Siku ile sabuni ilikuwa imeisha, nikaipitisha tu mu maji. Dawa ilibakia. Njo ilimuunguza. Ya Kapinga niliweka sabuni, na angalia, ako mugonjwa lakini ako muzima. Unaona? Nikajua sasa. Ya Glodie niliifua mara mbili. Niliipikicha na mikono hii, mpaka maji ikatoka safi."

Kuni zilialika chini ya sufuria.

"Glodie ni nani kwako, Maman?"

"Mutoto yangu. Wa kwanza." Akaonyesha kwa kidevu upande wa jengo. "Balimuingiza. Sasa hivi bamemufungua."

Kapenda alikuwa ameshasimama, sahani ikaanguka, na karanga za watu zikamwagika.

*

Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa na mstari mwekundu sakafuni, na nyuma ya mstari nesi Muteba na barakoa yake. Alimwambia Kapenda kwamba viatu haviingii. Kapenda alisimama na vidole vya viatu juu ya mstari, akaita juu ya bega la nesi.

"Dokta. Usiweke huo wavu."

Dokta Nkulu hakugeuka. Alikuwa ameinama juu ya shuka za kijani, na katikati ya shuka palikuwa na shimo jekundu, pana. Matumbo yalikuwa yamekwisha kurudi ndani. Ngozi yao nyembamba ilikuwa imefungwa. Wavu ulikuwa umetandazwa juu ya kitambaa, mweupe, umekatwa pembe, tayari. Alikuwa ameushika kwa koleo mbili.

"Inspekta," alisema, "hata kukamata watu kuna utaratibu."

Kapenda alisema yote kwa pumzi moja: maji ya pipa, sabuni, kamba, mshumaa, Jean, Kapinga. Alimwomba Muteba aitazame pakiti, upande wa mkia. Muteba aliiokota kwenye ndoo, akapitisha kidole chenye glavu. Macho yake juu ya barakoa yalibadilika.

Dokta aliuachia wavu. Ulianguka ndani ya beseni bila sauti. Aliamuru glavu zibadilishwe, na kitambaa, na koleo, na kila kitu kilichokuwa kimegusana nao. Kisha akasimama na mikono hewani, haina kitu.

"Nina tundu hapa ngumi zangu mbili zinaingia," alisema. "Nikilivuta kwa uzi mtupu, akikohoa linafunguka, na safari ya pili litakuwa kubwa zaidi. Wavu mwingine uko wapi?"

Nyingine zilikuwa dukani kwa Bolingo, nyuma ya mgongo wa Ngoy na mbele ya mawe. Mashine ya pumzi ilipiga mlio wake, ikapiga tena.

Kapenda alifungua mkoba. Aliitoa pakiti yenye lakiri, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha ukucha kichwani. Meno. Akapitisha mkiani, taratibu zaidi. Meno. Alirudia yote mawili. Kisha akaichana karatasi ya parke katikati ya saini yake. Lakiri haivunjwi ila kwa amri ya hakimu. Hakimu alikuwa na ofisi nzuri, yenye pazia, upande mwingine wa mji.

"Imetoka kwa mfamasia yuleyule?" Dokta aliuliza.

"Yuleyule. Katoni ileile."

"Anayepigwa mawe."

"Ndiyo."

"Una hakika? Huu nikiulaza, siutoi tena."

"Nina hakika na mshono," Kapenda alisema. "Ya ndani sijayaona."

"Hakuna anayeyaona." Dokta aliinama tena. "Muteba. Fungua."

Muteba alipokea pakiti na kumfungia Kapenda mlango usoni.

*

Maman Léa alikuwa amekuja mpaka kwenye benchi la ukumbini, na ganda la karanga limenasa kwenye fulana. Kapenda aliketi karibu naye akamwambia. Hakutumia maneno mengi. Alisema wavu ule haukuwa na dawa yoyote, ulikuwa umesafishwa kiwandani kuliko kitu chochote kilichoko Kamina. Kilichowaunguza wale wawili kiliingia baadaye, pamoja na maji.

"Nilifua," Maman Léa alisema.

"Najua."

"Na sabuni."

"Najua, Maman."

Alibandua ganda la karanga kwenye fulana. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia habari ya safari, kama wa Glodie umeingia. Kapenda alisema ule wake umetupwa, umewekwa mwingine ambao haujaguswa. Maman Léa akafumba macho. Alipoyafumbua aliitazama mikono yake, akaiweka juu ya magoti, viganja juu, mbali na kitenge, mbali na benchi.

"Jean alikuwa ananiita yaya, dada yake mukubwa," alisema.

Simu iliita ndani ya mkoba. Ilikuwa Ngoy. Mlango ulikuwa bado umesimama, alisema, na mgongo wake nusu. Watu wameongezeka. Bolingo anasali kwa Kilingala. Awaambie nini hawa watu?

Kapenda alimwambia awaambie kwamba nyavu za Bolingo ni nzima, ziliharibikia njiani baada ya kutoka kwake, na kwamba yeye mwenyewe anakuja kuwaeleza.

"Batauliza ni nani," Ngoy alisema, na ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba alisikika mpaka mwisho wa benchi.

Kapenda aliishusha simu. Maman Léa ndiye aliyeinama kwenye simu, bila kuishika.

"Muambie bangoje," alisema. "Nitaenda miye mwenyewe kusema. Lakini mutoto aamuke kwanza. Nimuambie yeye wa kwanza."

Ngoy akasema atawaambia hivyo, na kwamba ikiwezekana mtoto asichelewe kuamka.

Walingoja. Mwanamke wa banda alileta sahani ya bukari, ikapoa. Kapenda alifunga mkoba, akaufungua, akaufunga. Mlango ulipofunguka, kitanda cha magurudumu kilitokea kwanza, na Glodie juu yake, mdomo wazi kidogo, kifua kinapanda na kushuka. Muteba alisema wavu umelala vizuri, umekamata pande zote. Mengine yatajulikana siku zikienda. Homa ikikosa kuja, ndiyo hiyo habari njema.

Halafu, kwa mazoea, alitoa pakiti tupu mfukoni na kumpa ndugu wa mgonjwa.

Maman Léa aliipokea kwa ncha za vidole. Upande mmoja ulikatwa kwa mkasi. Aliugeuza, akapitisha kidole gumba kwenye mkia, juu ya meno yale madogo, kwenda na kurudi. Kisha akampa Kapenda bila kuombwa.

Kitanda kilianza kusogea. Shuka lilikuwa limeteleza na mguu mmoja wa Glodie ulikuwa nje, unyayo mkavu wa mtu wa shamba. Mkono wa Maman Léa ulikwenda wenyewe, ukafika karibu, ukasimama hewani. Alimtazama Muteba, akamtazama Kapenda.

"Naweza kugusa?"

"Funika, Maman," Kapenda alisema. "Mguu, funika."